Kabla Tugawanye Kundi Kimkoa, Tuwaulize Watu wa Beni

Wasee, kura ya kugawanya kundi letu la kupanda milima ni mwisho wa mwezi huu, na naona wengi wenu mshaamua. Pendekezo lenyewe ni rahisi. Tumekuwa wengi, tumetawanyika nchi nzima, basi kila mkoa ujisimamie. Pwani wawe na lao, Magharibi na Nyanza lao, Bonde la Ufa lao, Kati lao, na sisi wa Nairobi tubaki na letu. Kila kundi na mwenyekiti wake, mwekahazina wake na fulana zake.

Na malalamiko yaliyoleta hili pendekezo ni ya kweli kabisa, hakuna mtu aniambie ni fitina. Msee wa Mombasa analipa ada sawa na yangu, halafu safari zote zinaanzia katikati ya Nairobi saa kumi na moja alfajiri. Yeye kuja kupanda Longonot lazima asafiri usiku kucha, apande mlima akiwa na usingizi, arudi usiku tena, Jumatatu awe kazini. Wa Kisumu hivyo hivyo. Doh inaingia kwa akaunti moja, inasimamiwa na watu watano ambao wote wanaishi ndani ya nauli ya mia moja kutoka mjini. Hema zote ziko kwa stoo moja. Mtu wa Eldoret akitaka kukopa hema aende kulala hapo kwao Cherangani, kuitumia ni bure lakini kuisafirisha anaweza karibu kununua ingine.

Kwa hivyo mimi napiga kura tugawanyike. Kile kinanikosesha usingizi ni hiyo ramani.

Sababu ni hii: watu wa hapa kwetu walishalijibu hili swali miaka 100 iliyopita, tena kwa njia kali kuliko yetu, na hakuna mtu alitufundisha hiyo hadithi shuleni. Tulikariri Mkutano wa Berlin, tukakariri reli, tukakariri machifu. Ngoma tuliambiwa ni "utamaduni", ukurasa mmoja na picha ya watu wamevaa ngozi, twende mada nyingine. Sasa leo ni historia ya ngoma, na hakuna ngozi. Kuna suruali nyeupe, kofia za manowari na tarumbeta.

Miaka ya 1890, kwenye miji ya pwani yetu, Lamu na Mombasa hasa, vijana walianzisha ngoma mpya. Waliiita beni, na jina lilitoka palepale unapofikiria, kwa neno la Kiingereza la bendi. Walikuwa wanaona wanajeshi na mabaharia wa Kizungu wakipiga gwaride, wanaona ala za shaba zinang'aa, wanaona vyeo mabegani. Wakachukua yote hayo wakayageuza kuwa mchezo wao. Ngoma kubwa ya kubeba kifuani, gwaride, sare, na vyeo vya kila aina: mfalme, jenerali, admirali, daktari. Mchana wewe ni kuli bandarini, unaitwa "boi" na mtu wa umri wa mdogo wako. Jioni wewe ni jenerali, na kuna watu hamsini wanakupigia saluti. Wale ndugu zetu wanaoshona nguo za anime wiki tatu wavae siku moja, hawa ndio babu zenu.

Halafu mashindano. Beni haikuwahi kuwa ngoma ya upande mmoja, lazima kuwe na wapinzani. Lamu kulikuwa na mitaa miwili mikuu, Mkomani na Langoni, ambayo ilikuwa inashindana kwa mambo mengi kabla ya hata beni kuzaliwa, na beni ikaingia humo ndani ikawasha moto. Mombasa walikuwa na Kingi na Scotchi. Upande mmoja ukifanya karamu na kuchinja ng'ombe, upande wa pili lazima uchinje zaidi. Watu walimaliza mali kwa hii kitu, bana. Kushindwa kwa karamu ilikuwa aibu ambayo ungetungiwa wimbo, na wimbo ungezunguka mji mzima. Na wanawake hawakuwa wa kushangilia tu pembeni. Mombasa walikuwa na vyama vyao vya lelemama, vyenye vyeo vyao, mashindano yao na nyimbo zao za kuchomana. Ukitaka kujua nani kagombana na nani, nani ameachwa, nani anajifanya tajiri na hana, ungesikiliza lelemama.

Kutoka hapo beni ikashuka kusini, ikaingia Tanganyika ya Mjerumani. Na hapa ndio nataka mnifuate polepole, kwa sababu hapa ndio kuna kitu ya kutusaidia kwa kura.

Kule Tanganyika ngoma hii ilikua mpaka ikawa vyama viwili vikubwa. Kimoja kiliitwa Marini, jina la kimanowari, na ndicho kilikuwa chama cha waliojiona watu wa mji, wenye heshima zao. Cha pili kiliitwa Arinoti, na humo waliingia zaidi wageni, waliotoka bara kutafuta kazi, watu wa kazi ngumu. Sasa angalia. Marini hawakuwa na mji wao, na Arinoti hawakuwa na mkoa wao. Vyama vyote viwili vilikuwa Dar es Salaam. Vyote viwili vilikuwa Tanga. Mji baada ya mji, kuanzia pwani mpaka bara huko Tabora, ungewakuta Marini wako upande huu na Arinoti upande ule, wanarushiana mafumbo.

Halafu ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vya huku vilikuwa vya kutembea. Jenerali wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, alizungushana na Waingereza kuanzia 1914 mpaka Novemba 1918, akasalimu amri Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala na uko Zambia. Fikiria huo umbali kwa miguu. Na hakutembea peke yake: kila jeshi lilikuwa na askari Waafrika na nyuma yao maelfu na maelfu ya wapagazi waliobeba risasi, chakula, hata vipande vya mizinga kichwani. Hao wapagazi wa Kiingereza ndio "Carrier Corps", na ulimi wa watu ukageuza hilo jina ukapata Kariakoo kule Dar na Kariokor hapa Nairobi. Kwa hivyo ukienda kununua kiondo pale sokoni, ama kula nyama choma, unasimama juu ya jina la hao watu. Wengi sana hawakurudi nyumbani.

Waliorudi walirudi na beni. Ikavuka mipaka na wao. Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, ilizaa watoto wake, mganda na malipenga, na malipenga ilikuwa na akili yake: kama huna pesa ya tarumbeta za shaba, unatengeneza ala za kibuyu na unazipulizia sauti. Vijiji vya kando ya ziwa vikawa na vikosi vyao vya gwaride. Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, iliipata pia, mpaka kwenye migodi ya shaba. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu hii safari ya beni, kilitoka 1975, na ukikisoma unashangaa kwa nini hakuna mtu ametengeneza filamu.

Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya vita, maofisa wao waliona hii kitu wakaingiwa na baridi. Waafrika wenye sare. Wenye majenerali. Wenye matawi kila mji, wanaoandikiana barua kutoka tawi hadi tawi. Tena vita vimeisha juzi na wengi wao wamewahi kushika bunduki za kweli. Wakachunguza, wakawa na wasiwasi wa njama. Ukweli ni kwamba walikuwa wanatazama hobi. Kubwa kuliko zote, lakini hobi. Ingawa nao pia walikuwa wameona kitu: hakukuwa na chombo kingine cha Waafrika ambacho kingeweza kutuma habari kutoka pwani hadi ziwa bila kupitia kwa ofisi ya mzungu ama kwa chifu wa kabila fulani.

Sasa swali la kujiuliza ni hili. Beni ilikuwa kubwa kuliko kundi letu mara sijui ngapi, na haikuwa na simu, haikuwa na akaunti ya benki, na wanachama wake hawangeweza kukutana wote hata siku moja. Ilishikana vipi?

Jibu moja ni kwamba kazi yote ya kila siku ilikuwa ya tawi. Tawi lilinunua ngoma zake na kushona sare zake. Mwanachama akiugua ama akifa, wa tawi lake ndio walichanga na kuzika. Hakuna mtu wa Tabora alisubiri Dar imtumie ngoma. Kwa hilo watu wanaotaka mgawanyo wako sawa kabisa, na beni inawaunga mkono: pesa ikae pale ilipochangwa, na vifaa vikae pale vinapotumika.

Lakini jibu la pili ndilo linanifanya niandike haya yote. Angalia umbo la mgawanyiko wenyewe. Beni ilikata kila mji katikati. Mpinzani wako alikuwa jirani yako, mtu mnachota maji kisima kimoja, mnaswali msikiti mmoja. Na mwenzako alikuwa mtu usiyemjua, aliye mbali safari ya siku nyingi. Chukua kijana wa Tanga, Marini, mwaka wa 1925 hivi, amepata kazi Tabora. Reli ya kati ilikuwa ishajengwa, ilifika Kigoma 1914, kwa hivyo anashuka stesheni ya Tabora na kasanduku kake. Hana ndugu huko. Lugha ya nyumbani kwao hakuna anayeisikia. Lakini Marini wako. Anauliza mtu mmoja sokoni, anaelekezwa, na usiku huo ana mahali pa kukaa na watu wa kumwambia bosi gani halipi. Na pia, mkinielewa, usiku huo huo ana maadui tayari, Arinoti wa Tabora, ambao hawajamfanyia lolote lakini lazima awatungie kejeli. Amefika leo na tayari ni mwenyeji.

Ramani yetu ya kimkoa inafanya kinyume. Inamfanya jirani yangu awe mwenzangu, na ambaye alikuwa ashakuwa mwenzangu tayari kwa sababu tunapanda mathree moja. Na inamfanya wa mbali awe "wale". Wale wa Pwani. Wale wa Nyanza. Na hii ni Kenya jamani, tusidanganyane. Ukichora mstari kwa mikoa, hujachora jiografia peke yake. Mikoa minane ya zamani ilichorwa na serikali ya kikoloni ikiangalia nani ni kabila gani, na hata baada ya kupata kaunti 47 mwaka wa 2013 bado tunafikiria kwa hiyo ramani ya zamani. Leo kwa kundi mtu akiuliza swali anajibiwa kwa Kiswahili ama Sheng kwa sababu hajui nani anasoma. Kundi la mkoa mmoja likishakaa miezi sita, mtatania kwa lugha ya nyumbani, itakuwa tamu, na yule Mgiriama anayefanya kazi Nyeri ataona ujumbe mia mbili hazimhusu atoke kimyakimya. Hakuna mtu atakuwa amemfukuza.

Mnadhani natia chumvi? Angalieni mpira. Abaluhya FC iliundwa 1964, Gor Mahia 1968, na kila mtu anajua kila moja ilikuwa ya nani. Hizo timu zilitupa raha ambayo hakuna kitu kingine kimetupa, sitaki mashabiki mnitafute. Gor ina watu wa kila aina leo. Lakini ilipofika 1980 serikali ilivunja vyama vya kikabila, Luo Union ikaenda, GEMA ikaenda, na vilabu vikaambiwa vibadilishe majina. Abaluhya FC ikawa AFC Leopards, na hiyo AFC ikaambiwa sasa ina maana nyingine. Herufi tatu zilezile! Hapo ndipo unaona kwamba jina unaweza kulibadilisha kwa siku moja, lakini mstari uliochorwa mwanzoni uko pale tu, chini ya rangi mpya.

Halafu vuka mpaka. Yanga ilianza 1935, Simba 1936, na hiyo ya pili inasimuliwa ilitoka ndani ya ile ya kwanza baada ya watu kukosana. Zote mbili za Dar, zote mbili za maeneo ya Kariakoo, ile Kariakoo ya wapagazi. Na leo Tanzania nzima imekatwa kwa hizo mbili. Mwanza kuna Simba na Yanga. Mbeya, Mtwara, Zanzibar vilevile. Nyumba moja, meza moja, baba ni Yanga, mama ni Simba, na Jumamosi ya mechi chakula kinapakuliwa kwa kejeli. Sisemi mpira wao ulitokana na beni moja kwa moja. Nasema umbo ni lilelile: ugomvi uko ndani ya kila mji na undugu unavuka nchi. Mtanzania akihamia mkoa asioujua, swali la kwanza kinyozi anamwuliza ni wewe ni Simba ama Yanga, na jibu lolote ni zuri kwa sababu yote mawili yana watu.

Kuna mtu atasema nimechagua mifano inayonifaa, kwa hivyo niwape mmoja unaonipinga. Huko migodi ya shaba ya Zambia, mjukuu mmoja wa beni aliitwa kalela. Mtafiti anayeitwa J. Clyde Mitchell aliiandikia kitabu kilichotoka 1956, akiwa ameangalia kundi la Luanshya. Wachezaji walivaa suti za kisasa, suruali zimepigwa pasi, viatu vinang'aa, na bado kulikuwa na mfalme, na daktari wa koti jeupe, na mwanamke mmoja aliyevaa kama nesi. Kwa hiyo damu ya beni inaonekana wazi. Lakini umbo lilikuwa limebadilika. Kundi lilikuwa la kabila, Wabisa karibu wote, na nyimbo zilisifu kwao na kucheka makabila mengine. Yaani ile ramani ninayoiogopa, ndio hiyo.

Na ilikuwa mbaya? Kusema ukweli, hapana, si venye ungetarajia. Hao makabila waliochekwa walikuja kutazama na wakacheka pia, kwa sababu kati yao kulikuwa na utani, ule utani wa kweli wenye sheria zake, ambao unakuruhusu kumwambia mtu maneno ambayo mwingine angepigwa. Migodini watu wa makabila mengi walikuwa wanaishi pamoja kwa mara ya kwanza, na kalela iliwapa njia ya kujuana. Kwa hivyo siwezi kusimama hapa niseme kundi la nyumbani ni dhambi. Lakini angalieni kitu kimoja: kalela ilichezwa mbele ya wengine. Jumapili mchana, uwanja mmoja, kila mtu anaona. Wabisa hawakujifungia. Pendekezo letu halina huo uwanja. Nimelisoma mara tatu. Kuna kipengele cha mwenyekiti wa mkoa, kuna cha ada, kuna cha nembo, na hakuna hata mstari mmoja unaosema sisi wa mikoa tofauti tutakutana lini na kufanya nini. Nembo imepata aya mbili!

Na pia nisiwapambie beni sana. Marini na Arinoti haukuwa mgawanyo wa kutupa sarafu. Ulikuwa na dharau ndani yake. Wenye mji huku, waliokuja jana kule. Wakati mwingine kejeli ziliisha kwa ngumi. Karamu zilifilisi watu. Na ilizeeka, kama kila kitu ya vijana: kufikia miaka ya 1930 na kuendelea, vijana waliosoma waliona gwaride ni mambo ya wazee, wakaenda kwa vilabu vya dansi na kwa mpira, na wengine kwa siasa. Tusichukue dharau yao. Tuchukue ule mkato.

Sasa hii ndio kitu nitasimama kusema siku ya kura, na mnaweza kunizomea mapema hapa ili siku hiyo nisishtuke.

Pesa igawanywe kwa miji, mara moja. Mombasa wabaki na doh ya Mombasa. Hema zigawanywe pia, na zile tatu zilizochanika zibaki Nairobi kwa sababu sisi ndio tulizichana. Kila mji upange safari zake. Watu wa Kisumu hawahitaji ruhusa ya mtu yeyote kwenda Homa Hills. Hapo hakuna mjadala.

Lakini badala ya vyama vitano vya mikoa, tuwe na vyama viwili, vyote viwili katika kila mji. Majina tutachagua, sijali, hata tuite Kiboko na Kifaru. Ukijiunga unapewa kwa kura ya kuokota karatasi, ili kusiwe na chama cha wenye viatu vya bei na chama cha wenye raba. Ukihama mji unahama na chama chako. Ukifika Eldoret huna mtu, unauliza Kifaru wako wapi, na wanakupokea, unalala kwao, unakopa hema lao. Na mara moja kwa mwaka Kiboko wa nchi nzima na Kifaru wa nchi nzima wanakutana mlima mmoja, na mlima uwe unazunguka: mwaka huu Elgon, mwaka ujao Kasigau, halafu Nyiru huko Samburu kwa wale wanajiona. Kundi lenye watu wengi zaidi waliofika kileleni kutoka miji tofauti ndilo linashinda. Miji, sio watu, mnaona? Ili Nairobi tusishinde kwa wingi wa mabasi. Anayeshindwa anapika.

Mwekahazina wetu ashaniambia hii ni kazi mara mbili, na ako sawa. Vitabu viwili vya hesabu kila mji, viongozi wawili, nyimbo mbili. Nilimjibu kwamba watu wa beni walifanya hiyo kazi kwa barua za mkono na treni, na wengi wao walikuwa wametoka kubeba mizinga kichwani.

Kuna swali moja tu ambalo sina jibu lake bado, na lilitoka kwa dada mmoja wa Voi. Wako sita pale. Anasema sawa, watatu Kiboko, watatu Kifaru, watatukanana vizuri tu, hata ashaanza kutunga. Lakini gari la kwenda Kasigau ni moja, na analimiliki Kiboko.